Jiwe la Kiwandani Jikoni: Tulivyofikia Uamuzi

Nyumba tunayoijenga Njiro, hapa Arusha, imefika hatua ya jikoni, na mimi na mke wangu tulilazimika kuamua juu ya makabati tuweke graniti, teraso au jiwe la kutengenezwa kiwandani. Bei ndiyo inayozungumzwa sana madukani, lakini mambo yaliyonisumbua zaidi ni matatu: moto, jua na vumbi.

Jiwe la kiwandani si jiwe lililochongwa mlimani. Madini ya kwatzi husagwa, yakachanganywa na resini, yaani gundi ya plastiki, pamoja na rangi, kisha mchanganyiko huo hugandamizwa kwa mtetemo huku hewa ikifyonzwa, na mwishowe hukaushwa kwa joto. Mbinu hii iliendelezwa na kampuni ya Breton ya Italia. Kwa kawaida kwatzi huchukua takriban asilimia 90 ya uzito wote, na sehemu kubwa ya inayobaki ni resini. Kwa kuwa halina vinyweleo vya kunyonya maji, halihitaji kupakwa dawa ya kuziba mara kwa mara kama graniti nyingi zinavyohitaji. Katika nyumba ambayo ndizi za mtori humenywa karibu kila juma, utomvu ukidondoka na manjano yakimwagika, hiyo ni faida kubwa. Ndimu nayo, ambayo huacha alama za kudumu kwenye marumaru, hailidhuru jiwe hili ikifutwa mapema.

Udhaifu wake umo katika hiyo hiyo resini. Kwatzi yenyewe huvumilia moto mkali, lakini resini huanza kuharibika joto linapozidi kiasi cha nyuzi 150, na kikaango cha mafuta kilichotoka jikoni muda huu hupita kiwango hicho kwa urahisi. Alama ya kuungua ikishaingia, ni vigumu sana kuiondoa kwa kusugua. Jua nalo hulifanya jiwe libadilike rangi, hasa lile jeupe, na hapa Arusha tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako miale ya jua ni mikali kuliko pwani. Kwa hiyo, mwenye jiko la nje, kama wengi wetu tulivyo nalo, asiliweke huko hata akipewa kwa nusu bei.

Kuhusu vumbi nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo mnunuzi haliwazi kabisa. Jiwe likishafungwa mahali pake halimdhuru anayepikia juu yake. Hatari iko wakati wa kulikata na kulinoa kingo, kwani hutoa vumbi laini la silika, ambayo ndiyo kwatzi yenyewe, na vumbi hilo likivutwa hukwama ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Sisi wa kaskazini hatuhitaji kuelezwa sana, maana wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani wameumia kwa vumbi la namna hiyo miaka mingi. Australia, baada ya kuona wakataji mawe wengi, wakiwemo vijana, wakiugua, ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ufungaji wa jiwe hili kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kwetu bado linauzwa, na fundi anayelikata kwa grenda kavu uani, kitambaa kikiwa puani, anajiangamiza yeye na wasaidizi wake, kwa kuwa kitambaa hakizuii chembe ndogo kiasi hicho.

Nilifikiria kuliacha kabisa. Hata hivyo graniti nayo ina silika, ingawa kwa kawaida ni kidogo zaidi, hivyo kubadili jiwe peke yake kusingemwokoa fundi. Tuliamua kuweka graniti pembeni ya jiko la gesi na jikoni nje, na jiwe la kiwandani upande wa sinki tu, ambako kazi ya kumenya na kuosha hufanyika. Kipande hicho kina unene wa milimita 20, na kwa kuwa mita moja ya mraba ya unene huo hufikia karibu kilo 50, tuliimarisha makabati kwanza na kuyasawazisha kwa pima maji kabla ya vipimo kuchukuliwa.

Karakana tuliyoichagua haikuwa ya bei ya chini kabisa, ila ina mashine inayokata kwa maji, na wafanyakazi wake huvaa barakoa maalumu za vumbi. Tumeandikiana kwamba tundu la sinki, tundu la bomba na kingo zote, za graniti na za jiwe la kiwandani, zitakamilishwa huko huko, na kwamba kipande kisichokaa sawa nyumbani kitarudishwa karakana kwa gharama yetu, wala hakitakatwa uani.