Unga wa miezi mitatu

Nimerudi kwenye sura ya 29 ya kitabu cha kwanza cha Julius Caesar, jemadari wa Roma, kuhusu vita vyake vya Gallia, Ufaransa ya leo na majirani zake, nikijiuliza idadi zake zinaaminika kiasi gani. Mwaka 58 KK amewashinda Wahelvetii waliokuwa wakihama kutoka nchi inayoitwa sasa Uswisi. Anasema katika kambi yao vilipatikana vibao vya herufi za Kigiriki vyenye orodha ya wahamaji: Wahelvetii 263,000, Watulingi 36,000, Walatobrigi 14,000, Warauraci 23,000, Waboii 32,000. Jumla 368,000, na wenye kubeba silaha 92,000. Waliorudi kwao walihesabiwa, wakawa 110,000.

Gawanya 368,000 kwa nne. Unapata 92,000, bila baki. Ni vigumu kuamini kwamba makabila matano yaliyoorodheshwa mtu kwa mtu yangetoa robo kamili namna hiyo. Hapo naona kanuni ya kukadiria, wala si vichwa vilivyohesabiwa.

Kisha kuna chakula. Caesar mwenyewe anasema kila mtu aliagizwa kuchukua unga wa miezi mitatu. Weka kiasi kidogo, nusu kilo kwa siku: kila mtu kilo 45, wote pamoja zaidi ya tani 16,500. Mkokoteni wa maksai wawili ukibeba nusu tani, inatakiwa mikokoteni 33,000 kwa unga peke yake. Kila mmoja ukichukua mita 10 za njia, msafara wa mstari mmoja unafika kilomita 330. Upange kwa mistari mitatu, na bado mkia uko zaidi ya kilomita 100 nyuma ya kichwa, kabla hujahesabu mifugo, wagonjwa na vyombo. Na msafara huo ndio Caesar anaodai aliufuata kwa siku 15 hivi, vikosi vyake vya mbele vikiwa maili tano au sita tu nyuma ya mkia wao. Mwanahistoria Mjerumani Hans Delbrück alikuwa akizipima idadi hizi kwa urefu wa misafara zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwangu hiyo ndiyo njia ya kuanzia: uliza kwanza walikula nini na walipita wapi, nia ya mwandishi itafuata.

Njia ya pili ni kumsoma Caesar kwa Caesar. Mwaka 57 KK, baada ya pigano la mto Sabis, anaandika kwamba wazee wa baraza la Wanervii, kabila la kaskazini mwa Gallia, wamebaki 3 kati ya 600, na wapiganaji 500 kati ya 60,000. Miaka mitatu baadaye Wanervii haohao wameizingira kambi ya Quintus Cicero, mmoja wa makamanda wa Caesar. Mwaka 52 KK wanatakiwa kupeleka watu 5,000 Alesia, mji wa Gallia ambao Caesar alikuwa ameuzingira. Ukirudi kuisoma sura ile vizuri, utaona idadi ile ya waliobaki imewekwa vinywani mwa wazee waliokuja kuomba amani. Aombaye huruma ana sababu ya kujionyesha amekwisha, na mshindi hana sababu ya kumbishia.

Roma ilijua kwamba majemadari hutia chumvi. Mwaka 62 KK ilitungwa sheria ya kuwaadhibu waliodanganya Seneti kuhusu maadui waliouawa au raia waliopotea. Lakini Seneti hiyohiyo ilitoa siku 15 za kuishukuru miungu kwa ushindi wa Caesar mwaka 57, na siku 20 mwaka 55. Idadi kubwa ilikuwa na soko.

Zipo idadi ninazoziamini zaidi. Waaduatuki, kabila jingine la Gallia, waliouzwa utumwani, Caesar anasema, walikuwa 53,000, na anataja chanzo: wanunuzi ndio waliompa hesabu. Mfanyabiashara anayelipia kila kichwa ana sababu ya kuhesabu sawasawa. Na kule Alesia, wachimbaji wa miaka ya 1861 hadi 1865, kisha timu ya Wafaransa na Wajerumani miaka ya 1990, waliyakuta mahandaki ya Caesar ardhini. Yapo kweli, ila hayafuati vipimo vya kitabu kila mahali.

Penye kushindwa, tazama lawama inatua wapi. Gergovia, ngome ya Wagalli, walikufa maakida 46 na askari karibu 700 wa Caesar: kosa, anasema, ni la askari waliovuka amri. Majira ya baridi ya mwaka 54, vikosi 15 vya Kirumi viliangamia chini ya makamanda wake Sabinus na Cotta. Caesar hakuwapo, na walionusurika ni wachache waliopenya msituni, lakini anatuletea hotuba za mabishano ya usiku ule, Cotta akiwa mwenye busara na Sabinus mwenye pupa. Sabinus alikuwa maiti. Hakuwa na wa kumjibia.

Sura zinazoniumiza ziko katika kitabu cha nne. Mwaka 55 KK, viongozi wa Wausipeti na Watenkteri, makabila ya Kijerumani, wanakuja kuomba radhi baada ya wapanda farasi wao kuvunja mapatano na kuua 74 wa upande wake. Anawazuia, kisha anashambulia kambi isiyo na viongozi. Wanawake na watoto wanakimbia, naye anawatuma wapanda farasi wawafuate. Hilo anaandika mwenyewe. Anadai maadui walikuwa 430,000, na kwamba hakupoteza askari hata mmoja. Asichoandika tunakipata kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa baadaye: Cato, mpinzani wake katika Seneti, alisimama Roma akitaka Caesar akabidhiwe kwa Wajerumani kwa kuvunja mapatano. Sura mbili baadaye Caesar anajenga daraja juu ya mto Rhine, na hapo anatupa unene wa nguzo, futi moja na nusu, na nafasi kati ya nguzo na mwenzake, futi mbili. Ya waliouawa pale kambini hakuandika idadi.