Bahasha Niliyojiandikia Mwenyewe

Katika mtaa ninaoishi, pembezoni mwa jiji la Minneapolis, kila nyumba ina sanduku la barua juu ya nguzo kando ya barabara, na kila sanduku lina kibendera chekundu ubavuni. Ukiwa na barua ya kutuma, unaiweka ndani na kukiinua kibendera. Mpeleka barua akipita anaichukua na kukishusha. Mtu aliyekulia katika nchi ya S.L.P., ambako barua zetu zote zilifikia kwenye sanduku la shule na kupitia mikononi mwa mwalimu mkuu, hauzoei upesi utaratibu wa namna hii. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa nakiinua kibendera hicho karibu kila Jumamosi, nikiwaandikia watu ambao sijawahi kuonana nao na ambao hawana sababu yoyote ya kunijibu. Ni wachezaji wa besiboli, wengi wao wazee waliostaafu, na ninachowaomba ni kwamba waweke saini zao juu ya kadi zenye picha zao, kisha wanirudishie.

Nilianza kwa bahati. Jirani aliyekuwa akihama alitandaza vitu vyake nje ya nyumba ili aviuze, na miongoni mwake palikuwa na sanduku la viatu lililojaa kadi za kampuni ya Topps za mwaka 1987, zile zenye ukingo uliochorwa mfano wa ubao. Topps ilianza Brooklyn mwaka 1938 ikiuza bigijii, na kadi ziliingizwa baadaye kwenye pakiti ili watoto wanunue bigijii zaidi. Mwishowe kadi ndizo zilizobaki na bigijii ikaondolewa. Seti ya mwaka 1987 ina kadi 792, na kwa kuwa miaka ile kampuni zote zilichapisha kupita kiasi, thamani yake sokoni leo ni ndogo mno. Kadi ya gwiji wa besiboli Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mnamo Agosti 2022, lakini sanduku langu zima nililipata kwa dola tatu, na nadhani jirani alinionea aibu kunipa bure.

Kadi hizo za bei ya chee ndizo zinazofaa kwa kazi hii. Karatasi yake ni kavu, haina mng'ao, nayo hunywa wino vizuri. Kadi za miaka iliyofuata zina utando unaong'aa ambao huufanya wino ujikusanye matone kama maji juu ya jani la mgomba, kwa hiyo huna budi kuusugua uso wa kadi taratibu kwa ufutio laini au kuupaka poda ya watoto na kuipangusa kwa kitambaa kabla ya kuituma. Niliwahi kulipuuza jambo hilo, na kadi ikanirudia ikiwa na doa la bluu mahali pa jina. Mwenyewe alikuwa ameandika chini yake, kwa kalamu nyingine, neno moja la kuniomba radhi, ilhali kosa lilikuwa langu.

Utaratibu ni mwepisi kuueleza. Ndani ya bahasha unaweka barua, kadi moja au mbili, na bahasha ya pili iliyokunjwa, yenye stempu na anwani yako mwenyewe, ili anayekujibu asigharimike hata senti moja. Tangu mwaka 2007 Posta ya Marekani huuza stempu ambazo thamani yake haiishi hata bei ikipanda. Zamani hizo ziliuzwa senti 41. Kufikia Julai 2025 bei ilikuwa senti 78. Kwa anayejiandikia bahasha, jambo hilo si dogo, maana bahasha yako inaweza kukaa miaka minne kwenye kapu la mtu kabla hajaamka siku moja ya mvua na kuamua kuyamaliza madeni yake. Kipande cha boksi cha kuilinda kadi lazima kiwe chembamba, kwa sababu bahasha isiyopindika hukwama kwenye mashine za kuchambulia barua na hutozwa zaidi.

Wachezaji ambao bado wako kazini huandikiwa kupitia klabu zao, na wakati mzuri ni Februari na Machi, timu zote 30 za ligi kuu zinapokuwa kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, 15 Florida na 15 Arizona, katika mashindano ambayo Wamarekani wameyabatiza Ligi ya Balungi na Ligi ya Dungusi Kakati. Hata hivyo, mimi huwapendelea wastaafu. Kijana anayelipwa mamilioni hupokea magunia ya barua. Mzee aliyecheza misimu mitatu akiwa mchezaji wa akiba hupokea chache, na huzisoma.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, ambao huchapisha barua moja kwa kompyuta, wakabadilisha jina tu, na kuituma kwa watu hamsini. Kwangu mimi kazi yenyewe ni barua.

Barua yangu ya kwanza, ya majira ya baridi ya mwaka 2012, ilikuwa kichekesho. Shuleni nilifundishwa barua za aina mbili tu, ya kirafiki na ya kikazi, na kwa kuwa bwana yule hakuwa rafiki yangu nilichagua ya kikazi. Niliweka anwani mbili, yangu kulia na yake kushoto, nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa na kukipigia mstari, YAH: OMBI LA SAINI, yote hayo kwa Kiingereza changu cha darasani, kisha nikamtaka ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Kilichopungua ni mhuri wa serikali ya kijiji na maneno "Wako katika ujenzi wa taifa". Baada ya wiki tano kadi ilirudi ikiwa imesainiwa, pamoja na barua yangu ileile, na pembeni alikuwa ameandika kwamba katika miaka yote ya kupokea barua hakuwahi kuandikiwa kana kwamba yeye ni idara. Jina lake silitaji, kwa kuwa barua ilimfikia nyumbani kwake, na nyumbani kwa mtu si mahali pa kutangazwa.

Baada ya hapo niliacha kujifanya ofisi. Siwezi kuwaambia wazee hawa kwamba niliwashangilia utotoni, kama wanavyoambiwa na kila mtu. Mwaka 1987 nilikuwa darasa la tatu Korogwe, na hata neno besiboli sikuwa nimelisikia. Kwa hiyo nawaandikia ukweli huo. Nawaeleza kwamba niliikuta sura yao ndani ya sanduku la viatu, nikasoma takwimu zao nyuma ya kadi bila kuelewa nusu yake, na kwamba nina swali moja. Swali huwa dogo: je, wakati wa kungojea zamu yako kwenye benchi mlikuwa mkizungumza nini? Ulikuwaje usiku ule ulipoambiwa unapelekwa timu nyingine? Wengi hujibu kwa sentensi moja, na wachache huandika ukurasa mzima, nami nakiri kwamba kurasa hizo nazitunza vizuri kuliko kadi zenyewe.

Tabia hii nadhani niliirithi. Marehemu baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, na starehe yake kubwa ilikuwa kutuma kadi za salamu redioni. Alizinunua kadi tupu, akazijaza majina ya ndugu na marafiki kwa mwandiko wa ukarani usiopinda, akazipeleka posta kwa baiskeli, na kuanzia siku hiyo nyumba nzima ilikaa kimya saa ya kipindi cha salamu. Wiki zilipita bila kusikia kitu. Kisha jioni moja mtangazaji alilitamka jina la baba na la kijiji chetu, na baba, ambaye alijua fika kwamba majina yale aliyaandika yeye mwenyewe, aliruka kitini kama mtu aliyepata habari mpya. Nikifungua sanduku langu hapa Minnesota na kukuta bahasha yenye mwandiko wangu mwenyewe, namkumbuka.

Si kila kinachorudi ni halali. Wapo wachezaji ambao kadi zao husainiwa na wake zao au makarani, wapo wanaotumia mhuri, na ipo mashine inayoshika kalamu na kuchora saini ileile daima. Njia ya kuigundua ni kulinganisha saini mbili: mkono wa binadamu haujirudii sawasawa, hivyo zikilaliana bila tofauti, ujue ni mashine. Kwenye biashara hali ni mbaya zaidi. Miaka ya 1990 FBI walianza uchunguzi walioupa jina Operation Bullpen, wakawanasa walioghushi saini kwa wingi. Miongoni mwa bidhaa zao zilikuwamo mipira ya besiboli iliyosainiwa, eti, na Mama Teresa. Mimi siuzi, kwa hiyo hofu yangu ni ndogo. Ninachokichukia ni watu wazima wanaoandika kwa mwandiko wa kitoto, wakijiita wavulana wa miaka tisa au wagonjwa, kisha kadi ikirudi wanaiweka mnadani siku hiyohiyo. Hao ndio wanaowafanya wazee wafunge milango, na siwalaumu wazee wanaotoza dola kadhaa, hasa wale wanaozipeleka kwenye misaada.

Huku Minnesota saini inayotajwa kwa heshima kuliko zote ni ya Harmon Killebrew, aliyevusha mpira uzio mara 573 na kuingia kwenye jumba la magwiji wa besiboli la Cooperstown mwaka 1984. Alisaini kila herufi ya jina lake ikasomeka, na aliwakemea wachezaji vijana wa Twins, klabu ya hapa Minnesota, waliokuwa wakichora mikwaruzo: ikiwa mtu amekuomba jina lako, alitaka alisome. Torii Hunter na Michael Cuddyer ni kati ya waliojirekebisha kwa sababu yake. Killebrew alifariki Mei 2011, na barua yangu ya kwanza niliituma mwaka uliofuata. Pengo hilo bado linaniuma kila nifunguapo albamu yangu.

Ipo kadi moja ambayo sijaituma kwa mtu, nayo si ya besiboli. Ni ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Klabu zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu mwaka 2009, alichukuliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Kadi za Curry za msimu ule zinauzwa kwa bei ya gari. Ya Thabeet niliipata kwenye boksi la kadi za senti hamsini. Baada ya Memphis alipita Houston, Portland na Oklahoma City, kisha akatoka kwenye ligi ile, na mchezaji asiye na klabu ya kudumu hana mahali pa kumwandikia panapoaminika. Siku nitakapopata anwani, hiyo ndiyo itakuwa barua yangu pekee ya Kiswahili. Nimekwisha kuiandika mara tatu, na mara zote nimekwama palepale mwanzoni. Wamarekani wote nawaita "Mheshimiwa Bwana" na shughuli inakwisha, lakini huyu kazaliwa mwaka 1987, mwaka wa kadi zangu za sanduku la viatu, nami namzidi miaka kumi hivi. "Ndugu" inanirudisha kwenye barua ya kikazi, "kaka" itakuwa namwongezea umri, na "mdogo wangu" nashindwa kuiandika kwa mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili ambaye hata hanifahamu.