Mbegu 1,000 za udongo: mwezi wa tatu

Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza: kila mwezi nachagua kazi moja ya sanaa ya siku hizi, ile inayonifanya niseme "huyu naye aliwaza nini?", halafu najaribu kuitengeneza kwa udogo hapa uani kwetu Nkuhungu, kwa vitu vinavyopatikana Dodoma. Mwezi wa kwanza ilikuwa pazia la vizibo, kwa kumfuata El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Vizibo vyake ni vya alumini, vya chupa za pombe kali, vinakunjika kama karatasi. Mimi niliokota vya soda. Ni bati gumu, na vidole vyangu bado vinakumbuka. Mwezi wa pili ulikuwa wa kinyago cha dumu, njia ya Romuald Hazoumè wa Benin. Kilichotoka ni dumu lenye hasira. Tuendelee.

Mwezi huu ni alizeti, na hii niliichagua kwa sababu za kikazi. Napima magunia kwenye mashine ya kukamua mafuta huku Kizota, kwa hiyo kuanzia mavuno mpaka mwisho wa msimu nakula, naota na kukohoa alizeti. Sasa fikiria nilivyokutana na picha ya Ai Weiwei, msanii wa China: mwaka 2010 alimwaga mbegu za alizeti milioni 100 kwenye sakafu ya Tate Modern, jumba la sanaa la London, jengo ambalo zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme. Tani 150 hivi. Nikasema, basi hata sisi wenye ghala ni wasanii. Halafu nikasoma vizuri. Hakuna hata moja iliyotoka shambani. Zote ni za kauri, zimechomwa kwenye tanuri, na ile mistari imechorwa kwa brashi, moja moja, na watu wapatao 1,600 wa Jingdezhen, mji uliofinyanga kauri za wafalme wa China. Wachina wa rika lake wanazijua mbegu hizo kwa njia mbili: ni kitu cha kutafuna na jirani nyakati za dhiki, na kwenye mabango ya enzi za Mao kiongozi alichorwa kama jua, wananchi wakawa alizeti zinazomgeukia.

Lengo langu: mbegu 1,000.

Wiki ya kwanza nilichimba udongo wa kichuguu, nikauchekecha, nikafinyanga 50 na kuziweka juu ya jiko la mkaa jioni ileile. Zilipasuka kama bisi. Mama alitoka jikoni akiuliza nani kamwagia chumvi motoni.

Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi kijiji kimoja upande wa Chamwino, kwa bibi anayefinyanga vyungu. Nilimsalimu "mbukwa", akaitikia kwa Kigogo kirefu nilichoambulia nusu. Nikamweleza shida yangu. Akaugusa udongo wangu kwa vidole viwili, akautupa pembeni.

"Mjukuu wangu, huu umeuchoma ukiwa bado unalia."

Yaani maji yalikuwa hayajatoka. Yakipata moto yanakuwa mvuke, mvuke unatafuta mlango, usipouona unavunja ukuta. Akanionyesha anavyotwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya kwenye udongo mbichi ili upumue, na akaniamuru nianike siku saba kivulini, si juani. Nilipomwambia nataka mbegu 1,000 za alizeti alinyamaza kidogo. "Za kupanda wapi?"

Wiki ya pili na ya tatu ni kufinyanga tu. Chukua udongo kiasi cha punje ya hindi, viringisha, chonga ncha upande mmoja, bana kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada ili upate ule ubapa. Zikikauka nazisugua kwa msasa, nimevaa barakoa. Hilo la barakoa nimejifunza kwao: Tate walitaka watu watembee na kulala juu ya zile mbegu, lakini baada ya siku chache tu wakazuia, vumbi la kauri si la kuvutwa puani. Nilizipima 100 kwenye mizani ya muuza viungo sokoni Majengo: gramu 190. Za Ai Weiwei, ukigawa tani kwa idadi, ni gramu moja na nusu kila moja. Mimi nafinyanga zilizonenepa.

Kwa kuwa nilishashika kalamu, nikaendelea kugawa. Milioni 100 kwa watu 1,600 ni mbegu 62,500 kila mtu. Kazi ilichukua kama miaka miwili na nusu. Tuseme siku 750 za kazi. Inatoka 83 kwa siku. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea, maana jana yake, baada ya kazi, kwa mwanga wa taa ya sola, nilifinyanga 64. Milioni 100 ilikuwa namba ya kutisha. 83 ni ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, mgongo unamuuma. Peke yangu kwa mwendo huo ningehitaji miaka zaidi ya 3,000 bila kupumzika hata Jumapili.

Jana bibi alinichomea 300 ndani ya kopo la maziwa, katikati ya vyungu vyake, kwa kuni na samadi kavu. Zimepasuka 11 tu. Ni nyekundu, si nyeupe, kwa hiyo nazipaka chokaa kisha mistari ya masizi ya sufuria, mitatu kila upande. Brashi ya dukani ni nene mno. Nimejaribu unyoya wa kuku, unachora vizuri lakini mkono ukitetemeka mstari unakuwa kiwavi. Kuku wenyewe walizidonoa zile za kwanza nilizoanika, wakazitema, wakanitazama.

Hesabu ya leo: zilizofinyangwa 540, zilizochomwa 289 nzima, zilizochorwa 37. Jumamosi narudi Chamwino na kopo la pili, na kilo mbili za sukari za bibi.