Mabega ya Shangazi

Kwetu Isukha, magharibi mwa Kenya, mtu hasifiwi kwa isukuti, uchezaji wetu wa ngoma, eti kwa sababu ana miguu myepesi. Miguu kila mtu anayo. Watu hutazama mabega. Ngoma kubwa ikishaitikiana na ile ya kati, na ndogo ikaanza kuchachamaa juu yao, mabega ya mchezaji stadi hutetemeka yenyewe huku kichwa kimetulia, na hapo ndipo utawasikia wazee wakiguna kwa kuridhika. Naanza na hayo kwa sababu Desemba ya 2023 nilipanda matatu Kisumu kwenda nyumbani Shinyalu na mfuko wa traka za kunasa mwendo wa mwili. Zilikuwemo za kichwa, kifua, kiuno, mikono, mapaja na miguu. Za mabega hazikuwemo.

Traka si kitu cha kutisha ukiifungua. Kuna kibao kidogo cha ESP8266 chenye Wi-Fi, kuna kihisi cha mwendo, kuna betri, na saketi ya kuchajia yenye taa nyekundu inayogeuka buluu betri ikijaa. Betri nilizipata kwenye pakiti kuukuu za laptopu, zile seli za duara za 18650 ambazo mafundi huzipima moja moja na kuuza zilizo hai. Mikanda nilishonewa na fundi cherehani wa Kibuye kwa lastiki pana ya kiunoni. Aliniuliza ni ugonjwa gani huo unaotibiwa kwa mikanda mingi namna hii. Nikamwambia ni wa kompyuta. Akanipunguzia bei.

Zilizotengenezwa tayari zipo. HTC walitoa Vive Tracker mwaka 2017, ila hiyo hutaka vituo vya kumulika chumba vilivyofungwa ukutani na stima isiyopotea. Sony nao walianza kuuza mocopi yao huko Japani Januari 2023, vidude sita vya kuvaa. Mimi nilifuata njia ya SlimeVR, mradi ambao michoro na programu zake ziko wazi, mwenye chuma cha kulehemu na subira akajiundia. Haja ya yote hayo ni kwamba ukivaa miwani ya uhalisia pepe kama Quest 2, ile inayokuingiza kwenye ulimwengu wa kompyuta, kompyuta inajua kichwa chako kilipo, na mikono inaijua kupitia vishikio viwili. Kiunoni kwenda chini haina habari. Ndiyo maana wengi humo ndani huonekana wakielea kama moshi, au wakitembea kwa miguu ya kubuniwa.

Rafiki yangu wa Kisumu alikuwa akijenga boma la kidijitali, lenye nyumba, ghala na uwanja wa ngoma, mtu avae miwani aingie. Uwanja ulikuwa tayari. Wachezaji ndio hawakuwepo, na miondoko iliyokuwa ikipatikana mtandaoni ilikuwa ya vijana wa disko la ng'ambo. Nikamwambia nina shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, huongoza safu ya wanawake kila panapochezwa isukuti upande wetu, iwe harusi, matanga au siku ya kupiganisha mafahali. Anajua pia kwamba mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na hulitaja jambo hilo kila akiombwa kucheza bure. Tulikubaliana sukari, majani ya chai na leso mpya.

Nilifika nikakuta baba mdogo na wenzake wawili wameegemeza ngoma karibu na moto ili ngozi ikaze. Ngoma za isukuti huwambwa ngozi ya kenge, na ikiwa baridi hutoa sauti iliyolala. Mimi nami nikapanga traka zangu kwenye meza chini ya mwembe, nikaziwasha, nikamkataza kila mtu kuigusa meza ile. Baba mdogo akauliza zinangoja nini. Nikamweleza kwamba kihisi kinachopima kuzunguka huwa na kosa dogo hata kikiwa kimetulia kabisa, na kosa hilo hubadilika na joto, kwa hiyo huachwa kwanza kipate joto ndipo kijipime.

"Kumbe na zako hutiwa moto," akasema, akageuza ngoma upande wa pili.

Kazi ya kumvisha shangazi haikuwa yangu. Mikanda ya mapajani huwezi kufunga ukiwa mtoto wa kaka yake, na haifai kufungwa juu ya nguo maana kitambaa huteleza na traka ikafuata kitambaa badala ya mfupa. Binti yake akamwingiza ndani na zile traka, mimi nikiwa nje nikipaza sauti: ya kushoto iwe kushoto, mama, usizibadilishe! Walitoka baada ya kicheko kirefu. Shangazi alikuwa na leso kiunoni na kilemba kilichoficha traka ya kichwa, na isipokuwa taa moja iliyomemeta kwenye mkono, usingedhani amevaa chochote.

Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, kwa hiyo laptopu ilikuwa ikila betri yake. Nikawasha hotspoti ya simu, traka zikajiunga moja moja. Hapo baba mdogo alitaka kujua bando litaisha lini. Haliishi, traka na laptopu huzungumza wenyewe kwa wenyewe kupitia simu, intaneti haiguswi.

Kabla ya kurekodi, programu humtaka mvaaji asimame wima, kisha ainame kidogo magoti yamekunjwa na kifua kimekwenda mbele, ijue kila traka imefungwa ikitazama wapi. Wenyewe hulieleza pozi hilo kwa mfano wa mtu anayeteleza kwenye theluji. Shinyalu hiyo haisaidii. Nikamwambia shangazi afanye kama anataka kukalia kigoda halafu mtu amwambie subiri. Alilipata mara moja, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyohitaji, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwondolea kigoda.

Ngoma ikalia. Pembe ya paa ikapulizwa, watoto wakatoka kila boma, na shangazi akauanza wimbo na kwenda nao mbele, hatua fupi fupi za kukanyaga, mpaka karibu na mwembe, akageuka na kurudi. Kwenye skrini, kile kijitu cha vijiti kilikuwa kinakanyaga vizuri sana, mahali pamoja. Hakikusogea hata hatua. Traka za namna hii hazijui zilipo. Zinajua zimeinama vipi na zimegeuka kiasi gani, basi. Programu huchukua pembe hizo pamoja na urefu wa mifupa iliopewa, ikaunga mwili kuanzia kichwani kushuka. Mahali penyewe pa kichwa huletwa na miwani, na shangazi alikuwa ameikataa miwani kwa sababu moja tu ya maana: angewaonaje wapiga ngoma?

Ngoma ilipokolea, mguu wa kushoto kwenye skrini ukaanza kugeukia jikoni. Jasho na jua vilikuwa vimebadilisha joto la kihisi, na kosa likawa linajikusanya. Mwili ukiinama, mvuto wa dunia humkumbusha kihisi chini ni wapi. Ukigeuka kushoto au kulia hana wa kumkumbusha. Vihisi vingine vina dira ndani yake, lakini weka dira katikati ya nyumba za mabati na milango ya chuma uone itakavyokuambia kaskazini ni wapi. Yangu nilikuwa nimeizima. Nikaomba ngoma zinyamaze kidogo, shangazi akasimama akitazama mbele, nikabonyeza kitufe, mguu ukarudi. Baba mdogo hakufurahia kukatizwa, na sikumlaumu. Isukuti si maji ya bomba ufunge na kufungua.

Tulipomaliza nilichomeka miwani kwenye laptopu, nikaingiza rekodi ndani ya boma la rafiki yangu, nikamvisha shangazi. Alinyamaza. Akanyosha mkono kugusa ukuta wa nyumba ambayo haipo. Kisha akamwona mchezaji.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama," binti yake akasema.

"Mimi sivai hivyo mbele ya wakwe."

Mwili tuliokuwa nao ulikuwa wa kuazima, msichana mwembamba wa kaptura. Nguo tungemshonea baadaye. Nikamsihi aangalie mwendo tu. Akaangalia. Akazunguka upande, akamtazama kwa nyuma, kichwa chake kikiinama kuhesabu hatua. Miguu aliikubali. Kiuno alikikubali kwa shingo upande. Halafu akavua miwani, akanipa.

"Baba, huyu amekufa mabega."

Alikuwa na haki. Mikono ilitembea na kifua kiligeuka, lakini pale kifua kinapokutana na mkono palikuwa pameganda. Kwa programu, bega lisilo na traka ni pembe ya kifua tu. Hufuata kifua kinakokwenda. Mambo yote ambayo kijiji kizima hutazama yalikuwa yamepita katikati ya traka zangu bila kuguswa na hata moja.

Programu hiyo inakubali traka za mabega, ila sikuwa na za ziada. Ingebidi kuhamisha. Nikauliza tutoe zipi, nikitarajia ubishi. Shangazi hakufikiri hata kidogo.

"Toa za mapaja. Miguu kila mtu anayo."

Zikatolewa, na kompyuta ikabaki kukisia goti. Lastiki haikai begani, kwa hiyo binti yake akaenda dukani kuleta plasta ya kitambaa, wakazibandika juu ya mfupa wa mtulinga, kila upande moja. Zilikuwa nzito mno. Seli ya 18650 ina uzito wake, na kitu kizito kikibandikwa kwenye ngozi huchelewa kufuata mfupa, halafu huendelea kucheza wakati mfupa umeshatulia. Nikazitoa betri, nikarefusha nyaya, seli zikaning'inia mgongoni ndani ya blauzi, begani pakabaki kibao na kihisi peke yake.

Akacheza tena. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka mbele yangu kiasi cha kutikisa hereni. Kwenye skrini yalipanda na kushuka polepole, kama mtu anayevuta pumzi.

Hilo lilinichukua dakika kadhaa, na betri ya laptopu ilikuwa ikienda. Jibu lilikuwa kwenye mpangilio mmoja wa programu, ule wa kulainisha. Kihisi cha bei nafuu huwa na mtetemo wake mdogo mdogo, kijitu kwenye skrini kikaonekana kina homa. Ukiwasha kulainisha, programu hupatanisha kila kipimo na vilivyotangulia, mtetemo ukafifia na mwendo ukawa wa kupendeza. Baadhi ya wanaojiundia traka huuwasha. Sasa fikiria mabega ya isukuti yanaingia humo: kutikisika kwa haraka, kwa kiasi kidogo, mara nyingi kwa sekunde. Programu iliyaona ni hitilafu, ikayapiga pasi. Isukuti yenyewe ndiyo ilikuwa ikifutwa, kwa adabu kabisa, na chombo kilichowekwa pale kunisaidia. Waliotengeneza mpangilio ule sidhani waliwahi kumwona mtu ambaye sanaa yake iko kwenye mtetemo, na siwalaumu, lakini tangu siku hiyo nikipewa rekodi ya mwendo huuliza kwanza imelainishwa kiasi gani.

Nikauzima. Baba mdogo, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuchoka na mambo yangu, akapiga ngoma kubwa bila kuulizwa, wengine wakadakia. Kijitu cha vijiti kikaanza kutetemeka mabega. Goti lake la kulia lilikuwa la kubahatisha na mkono mmoja ulipotoka mahali pake. Watoto waliokuwa wamenizingira wakaacha kumtazama shangazi, wakaanza kuiga skrini.

Miwani ilibaki na chaji ya mara moja. Shangazi akavaa, akatazama hadi mwisho, na mabega yake mwenyewe yakawa yanajibu kidogo kidogo bila yeye kujua. Akavua.

"Hiyo ya kwanza iko wapi?"

"Iko hapa, shangazi. Miguu yake ni mizuri, nilitaka niichanganye na..."

"Ifute. Watu wa Idakho wakiiona watasema Waisukha hivi ndivyo wanavyocheza."

Nikaifuta akiwa amesimama nyuma yangu. Akauliza kama haijabaki nyingine kwenye simu. Nikasema haijabaki. Akamwita binti yake aje asome majina ya faili zote zilizo kwenye laptopu, moja baada ya nyingine, kwa sauti, na hakukubali kufunguliwa plasta mpaka orodha ikaisha.