Siku selfu loda ilipobaki pua juu Ruaha Mbuyuni

Mwaka 2018 mi nlikuwa utingo wa selfu loda ya tajiri mmoja wa Dar. Nasema selfu loda sio lobedi, maana watu wanazichanganya sana, lobedi ni lile trela la chini linalobeba makatapila makubwa kwenda migodini, yetu ilikuwa lori moja tu la Kijapani, mtumba, kitanda kirefu cha chuma na nyuma ya kebini jeki mbili nene za haidroliki, moja kushoto moja kulia. Ukitaka kupakia mashine huiti kreni wala hutafuti tuta. Unaingiza pitio, yani gia inayochukua nguvu ya injini kuzungusha pampu, pampu inaanza kusukuma oili, jeki zinashuka zinakanyaga chini na kuinyanyua gari mbele mpaka matairi ya mbele yanaelea, kitanda kinalala kurudi nyuma, unafungua ngazi, mashine inapanda yenyewe. Maandishi kwenye liva yote yalikuwa Kijapani, mzee akayaandikia juu kwa maka peni KUSHOTO, KULIA, WINCHI, na kila ukikata kona kuna mama wa Kijapani anaongea kwenye spika, miaka yote ile sijawahi kujua alikuwa anatuonya nini.

Mzee ni dereva, mtu wa Same, amezeekea barabarani. Mi alikuwa ananiita kijana hata jina langu nadhani alilisahau.

Basi mwezi wa kumi tukapata kazi ya kupeleka eksikaveta, ile mashine ya kuchimba, Ruaha Mbuyuni njia ya Iringa, ni Komatsu PC120, hizo zina uzito wa kama tani 12. Kuna wakulima wa vitunguu kule walichanga hela wakodi mashine iwazibulie mfereji wao mkuu kabla mvua hazijaanza, ulikuwa umejaa mchanga. Opareta alikuwa dada wa Mbeya, mdogo mdogo hivi, anaongea kidogo, na mzee alivyomuona pale yadi alimwangalia juu mpaka chini halafu akaniangalia mimi. Dada akamwamkia shikamoo mzee wangu, akapanda kwenye mashine, akaipandisha kinyumenyume huku anajisukuma na baketi, bumu, ule mkono wa mashine, ikabaki inaangalia mkiani mwa gari. Mzee hakusema kitu. Nikajua ameridhika, maana angekuwa hajaridhika tungesikia wote.

Safari yenyewe haina stori sana. Tulitoka alfajiri, tukasimama baada ya Kibaha kukaza upya cheni za kufungia mashine, hiyo ni lazima, mashine ikishatikiswa kidogo inakaa vizuri kwenye kitanda na cheni ulizokaza yadi zinakuwa zimelegea, utingo asiyejua hilo anakuja kulijua vibaya. Mizani ya Vigwaza tukapita, Mikese tukapita, pale hifadhi ya Mikumi taratibu kwenye hamsini huku mabasi yanatupigia honi kama vile twiga watawapisha wao. Jioni jioni tukaanza kuiona mibuyu, bonde lote lile mibuyu mitupu, joto limejaa kebini.

Sasa kwangu mimi kazi ya selfu loda iko kwenye kushusha. Kuendesha yeyote mwenye leseni ataendesha. Kupakia unapakia yadi, chini zege au kokoto iliyoshindiliwa, kila mtu ametulia. Kushusha unashushia ugenini, giza linaingia, mteja ana haraka, kuna watoto wamejaa, na ardhi huijui.

Pale ardhi ilikuwa mchanga. Barabara ya kuingilia shambani nyembamba, kulia mfereji mdogo wa maji, kushoto matuta ya vitunguu ya mama mmoja yamependeza kweli, majani ya kijani yamesimama. Mzee akashuka, akakanyaga kanyaga na kisigino, akaniambia kijana leta mataruma. Tulikuwa tunabeba mataruma ya reli, yale ya zamani ya mbao, mazito hatari, na siku zote nlikuwa nayachukia maana mi ndo nayabeba. Unayalaza chini ya miguu ya jeki ili uzito utawanyike, bila hivyo mguu unazama upande mmoja, gari inalala kiubavu na mashine iko juu. Nikapanga matatu kila upande na mawili juu yake ya kukatiza. Mengine yakabaki.

Akaingiza pitio, akaenda kusimama kwenye liva, jeki zikashuka vizuri, gari ikaanza kunyanyuka. Ilikuwa imefika juu kabisa nikasikia PAA, halafu sauti kama ya mvua. Paipu ya jeki ya kushoto imepasuka, oili inaruka kwa presha inamwagikia kwenye vitunguu vya yule mama. Kijana mmoja wa pale kwa wema wake akakimbilia kwenda kuiziba kwa kiganja, mzee alipiga kelele sijawahi kumsikia hivyo, ACHA, na yule kijana akaganda. Oili ya haidroliki ikiwa na presha inatoboa ngozi inaingia ndani ya nyama, unaona tundu dogo tu kama la sindano lakini mkono unaweza kukatwa. Mzee akakimbia kebini akatoa pitio, pampu ikanyamaza, oili ikapungua mpaka ikawa inadondoka.

Kimya. Wote tukaangalia juu, gari imesimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu ya mti, tani 12 ziko mgongoni, na jeki ya kushoto haina paipu.

Haikushuka. Kwenye silinda penyewe kuna valvu inayofunga oili isirudi, paipu ikikatika oili iliyomo ndani inabaki imefungiwa na jeki inashikilia. Ndo maana hatukufa. Lakini ile gari ilikuwa na umri wake, na valvu ilikuwa na umri huo huo, nani anajua inashika kwa muda gani. Winchi nayo, ile ya kuvutia mashine kwa waya, haifanyi kazi kwa sababu inakula oili ya pampu ile ile, yani hata kuishikilia mashine kwa nyuma hatuwezi.

Mzee akasema mashine ishuke sasa hivi. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua gari yake, kwamba kila hatua mashine inayorudi nyuma jeki inapata nafuu, ikishavuka ekseli za nyuma pua inakuwa nyepesi kabisa, kwa hiyo hatari ni kuchelewa sio kushuka. Dada wa watu akasema, kwa adabu kabisa, mzee wangu mi sipandi. Akasema kushuka ni kweli kunapunguza uzito ila ile hatua ya kwanza ya kuondoka ina mtikisiko, cheni za kutembelea mashine zikianza kuzunguka gari yote inaruka, na kama valvu imechoka itaachia hapo hapo mi nikiwa ndani, upande mmoja umeshuka mwingine umebaki juu. Wekeni mbao chini ya chasisi kwanza.

Mzee akakasirika. Akasema amefanya hii kazi kabla yeye hajazaliwa. Dada akajibu najua mzee wangu, akakaa chini kwenye tuta, akafungua maji yake ya chupa.

Mi utingo sina kura. Lakini nliona mzee anaangalia ile jeki, anaigusa na ncha ya kidole, anainama anaangalia kama kuna tone linatoka kwenye silinda, halafu bila kumwangalia mtu akasema kijana lete yaliyobaki. Tukajenga. Mataruma mawili hivi, mawili yamekatiza juu, tena na tena, mpaka chini ya fremu upande wa kushoto, tulipoishiwa wale vijana wakaleta magogo ya mwembe, na nafasi iliyobaki juu tukagongea kabari za mbao kwa nyundo mpaka chasisi ikaegemea. Hakuna aliyeingia chini kwa mwili, kila kitu tulisukuma kwa mtarimbo kutoka pembeni, hiyo mzee alikuwa mkali nayo kweli.

Dada akapanda. Tukafungua cheni za kufungia. Akanyoosha bumu nyuma, akashusha baketi mpaka ikakanyaga chini, akaegemeza uzito hapo, ndo akaanza kurudi pole pole sana, sekunde tatu anaenda, anasimama, anasogeza baketi, anaenda tena. Kwenye ile hatua ya kwanza zile mbao zililia kweli, kriii, na gari ikatikisika yote kama alivyosema. Jeki ingeshika au isingeshika bila mbao, hilo mimi na mzee tumebishana mpaka kesho. Mashine ikafika kwenye ngazi, ikainama, ikagusa mchanga, watoto wakapiga makofi.

Wakulima wao shida imeisha hapo, kazi inahesabiwa kwa saa, dada akaenda zake kuzibua mfereji kwa taa. Shida iliyobaki ni yetu, gari pua juu haishuki, maana ili ile valvu ifunguke inataka presha, na presha haina njia ya kupita.

Asubuhi nikaifungua ile paipu pande zote mbili na nati zake, nikaifunga kwenye kiroba, nikadandia basi la Iringa nimesimama mlangoni. Mlima Kitonga ulikuwa na foleni ya malori yanapanda kwa gia ya kwanza, mi nimekumbatia kiroba kinanuka oili na konda ananiangalia vibaya. Iringa mjini kuna jamaa wanabana paipu, fundi akaishika ya kwetu akaikunja kidogo ikapasuka nyufa kama udongo, akacheka, akaniuliza hii mlikuwa mnaingojea nini? Nikampigia mzee, akasema chukua zote mbili na ya kulia pia, hela ntaongea na tajiri. Oili nikanunua ndoo. Kurudi nikapata fuso tupu inashuka kufuata vitunguu.

Kufunga paipu ni kazi ndogo. Kinachotaka subira ni hewa, ukishafunga paipu mpya ndani kuna hewa, jeki inashtuka shtuka, unaipeleka kidogo kidogo mpaka itulie. Mzee akainyanyua gari kidogo tu ili kabari zilegee, tukavuta mbao zote kwa mtarimbo, ndo akaishusha, na matairi ya mbele yakagusa chini akaniambia kijana washa redio.

Ila kabla hatujaondoka yule mama mwenye shamba alikuwa anatusubiri. Alikuwa ametulia tangu jana, amefukia oili yote kwa mchanga na majembe yeye na wanawe isifike mferejini, na sasa anataka hela ya matuta yaliyoungua, anayo hesabu kichwani na haipungui. Mzee akabishana, akaomba, akataja Mungu, mwisho akalipa. Mama akapokea, akahesabu, halafu akatutupia kwenye kitanda kiroba cha vitunguu, akasema hivyo ni vizuri, vya upande mwingine.

Dar tajiri akakaa na daftari la matumizi, kalamu mkononi, anapiga tiki. Paipu mbili, sawa. Oili, sawa. Nauli ya utingo, sawa. Akasimama kwenye mstari mmoja, akaangalia mzee, akaniangalia mimi.

"Vitunguu vya bei hii mmekula na nani?"