Barafu ya kaka wa boda

Miezi mitatu nilikuwa nayeyusha seli za damu za watu, zilizohifadhiwa kwenye baridi kali, na kupata madonge, kama uji uliosongwa na mtoto.

Nachunguza kinga ya watu wanaoishi na VVU, hasa seli T za CD8, zile zinazosaka seli iliyovamiwa na kirusi na kuiua. Nairobi ina historia yake katika jambo hili: tangu 1985 watafiti waliwafuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, na wachache wao hawakuambukizwa miaka nenda miaka rudi, ingawa walikutana na kirusi mara nyingi. Habari hiyo ndiyo iliyoniingiza maabara.

Ila seli mfu haijibu swali. Damu ilitoka kliniki ya Eastlands kwa boda. Naimimina polepole juu ya kimiminika kizito, naizungusha kwenye sentrifuji dakika 30 na breki nimeizima, kisha natafuta utando mweupe chini ya plazma, yaani majimaji ya damu, mwembamba kama ukungu. Seli ninazozitaka zimo humo; nazitoa, nazigandisha kwa baridi kali, na kuziyeyusha siku ya kuzipima. Wangu ulikuwa umechafuka, una wekundu. Nikitia ile rangi ya buluu inayoingia seli zilizokufa tu, darubini inanionyesha buluu kila mahali.

Nililaumu umeme. Nikalaumu dawa ya kugandishia. Nikailaumu mikono yangu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Siku moja nikateremka getini kupokea mzigo mwenyewe. Mrija ulikuwa baridi kama soda ya dukani.

"Kaka, umeibeba wapi hii?"

"Kwenye barafu, daktari. Leo nimeongeza, jua ni kali."

Masikini, alikuwa ananisaidia! Sampuli nyingi anazobeba hutaka ubaridi kweli. Hii yangu hutaka joto la chumbani. Ikipoa, granulositi, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, ambazo zingezama pamoja na chembe nyekundu, hubadilika uzito na kunasa kwenye utando wangu. Hazivumilii kugandishwa, hufa, hupasuka, na kuwagandamanisha wenzao.

Nikabandika karatasi kwenye kisanduku: BARAFU MARUFUKU. Damu ikaanza kutolewa saa nne, foleni ya Jogoo Road ikishapungua, isikawie njiani. Wiki ya pili utando ukatoka mweupe, na nilipoyeyusha, katika seli mia nilizohesabu buluu zilikuwa sita.

Nikampigia kaka kumpa habari. Akafurahi, kisha akauliza pesa za barafu alizokuwa akitoa mfukoni mwake nitamrudishia lini. Nikamtumia jioni hiyo hiyo.