Kiota cha khanga: siku moja wodi ya watoto njiti

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokabidhiana zamu, kabla ya kufungua faili tunamwangalia mtoto alivyolala. Njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 29 misuli yake ni legelege. Kwenye godoro tupu magoti yanabwagika nje kama ya chura, mabega yanarudi nyuma. Akiachwa hivyo wiki kadhaa viungo vinazoea, na baadaye hata kupeleka mkono mdomoni ni kazi.

Saa 3. Kutengeneza viota. Khanga safi huviringishwa ikakaza, ikazungushwa kama herufi U, nyayo zikiegemea tako la U. Kosa kubwa ni kiota kipana: mtoto anateleza, anahangaika, anachoma nguvu za kunenepea. Mguu ukinyooshwa ugonge ukuta, urudi wenyewe. Akiwa chini ya taa za kutibu manjano, kuta ziwe fupi zisimtie kivuli.

Saa 5. Aliyezaliwa jana, wiki 28. Kwa siku 3 za kwanza pua yake inatazamana na kitovu, na godoro limeinuliwa kidogo upande wa kichwa. Shingo ikipinda, mshipa unaorudisha damu kutoka kichwani unabanwa, na mishipa ya ubongo wake hupasuka upesi. Ndiyo maana hata nepi hatubadilishi kwa kuinua miguu juu. Tunamlaza ubavu kidogo, basi.

Saa 7. Kugeuza waliokomaa zaidi, pamoja na kulisha na kupima joto, ili wasiguswe mara kumi. Mikono yake ikusanywe kifuani kwanza, kisha ageuke mwili mzima, polepole. Anayelazwa kifudifudi hupumua vizuri zaidi, ila awe na mashine ya kupima oksijeni muda wote. Kitambaa chembamba chini yake, kifuani hadi kitovuni, huyaacha mabega yaje mbele.

Saa 9. Kangaruu: mtoto hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. WHO tangu 2022 inashauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Hapa miguu ya chura inaruhusiwa, mradi magoti yamekunjwa juu. Ukingo wa kitambaa uishie chini ya sikio, mkazo uwe kifuani, tumbo lipumue.

“Mama, kidevu kimeshuka. Kinyanyue kidogo.”

Mashine ikilia, tunatazama kidevu kwanza. Mara nyingi tatizo liko hapo: kikishuka, njia ya hewa inabanwa.

Saa 12 jioni. Anayekaribia kuruhusiwa anaondolewa kiota na kulazwa chali, godoro bapa, bila mto. Mama yake anaonyeshwa sasa, kwa sababu nyumbani hakuna mashine.